Ovaroli Chini ya Begi

Wageni wengine wote walikuja kusikiliza bahari. Mume wangu alikuwa anasikiliza jokofu.

Chumba chetu kilikuwa ghorofa ya tatu, upande wa nyuma wa hoteli. Ukitoka kwenye kibaraza na kunyoosha shingo kulia, uliona kipande cha bahari kisichozidi upana wa shuka. Ukitazama chini, uliona ua wa jikoni, mapipa ya taka yenye mifuniko ya kijani, na kile chumba cha baridi wanachohifadhia nyama na mboga. Mashine yake ilinguruma mchana kutwa. Siku tuliyofika, hata viatu hajavua, mume wangu alisimama pale akainamisha kichwa kama daktari anayesikiliza kifua cha mtoto.

"Inakohoa," alisema.

"Nini?"

"Ile mashine. Ina wiki mbili, tatu, halafu inakata roho."

"Si tumekuja kupumzika, Barafu?"

"Napumzika. Ni masikio tu ambayo hayajaambiwa."

Barafu ni jina alilopewa na mtaa, kwa sababu ni fundi wa majokofu na hakuna nyumba mtaani kwetu ambayo hajawahi kulala chali sakafuni mwake. Mimi ni dobi. Nina chumba cha kupigia pasi chenye meza ndefu na pasi mbili, na humo ndimo tulimojuana. Aliniletea shati lenye doa la oili. Wiki iliyofuata akalileta tena likiwa na doa jingine. Mara ya tatu lilikuwa safi kabisa. Nikamwambia shati hili halina kosa. Akasema anajua.

Mimi si mtu wa maneno. Shule niliiacha darasa la tano, mwaka ambao mama yangu aliugua, na tangu hapo nilizoea kukaa nyuma ya watu wanaozungumza. Nikiulizwa jambo, husema "sawa". Nilipoolewa tukahamia kwa mama yake, chumba cha uani, na wiki haikuisha kabla mama mkwe hajanipa jina.

"Bi Sawa," aliniita. "Bi Sawa, chumvi imezidi." Nami nikasema sawa.

Basi miezi mitano baada ya harusi, Barafu akaingia chumbani jioni moja akaniambia fungate letu limechelewa lakini limepatikana. Siku nne, nchi ya jirani, mji wa ufukweni ambao watu huwa tunauona kwenye kalenda. Sikumuuliza imekuwaje. Siku ya safari nilikuwa na mashuka ya wateja ya kumalizia, na niliporudi mbio nyumbani nilikuta begi lake limeshafungwa.

"Nimelifunga mwenyewe," alisema.

Nikasema sawa.

*

Asubuhi ya pili nilitandika kitanda, nikafuta meza, nikapanga viatu. Mhudumu wa vyumba alipogonga na kuingia na toroli lake, alisimama mlangoni akatazama kile kitanda. Alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Lugha yake sikuijua, na yangu hakuijua. Alinitikisia kidole polepole, akavuta mashuka yote chini, akatandika upya. Nilitazama pembe zake. Zilikuwa nzuri kuliko zangu, sikatai. Alipomaliza alichukua taulo mbili, akazikunja huku na huku, na pale kitandani akatokea bata mwenye shingo ndefu.

Nilicheka kwa sauti. Barafu, aliyekuwa anafunga saa mkononi, aligeuka kunitazama kama mtu aliyesikia simu ikiita ndani ya kabati.

"Umecheka," alisema.

"Ni huyu bata."

Alinitazama muda mrefu. Kulikuwa na kitu machoni mwake, nikadhani ni mapenzi. Yalikuwa mapenzi, lakini hayakuwa peke yake. Kisha akasema anatoka kidogo kutafuta laini ya simu.

Nilipobaki peke yangu nilifungua begi lake nimtolee shati la mchana, nilipige pasi ya hoteli. Nilitoa mashati mawili, suruali, taulo ya nyumbani. Chini kabisa, mkono wangu uligusa kitambaa kigumu. Nilikijua kabla sijakitoa. Ilikuwa ovaroli yake ya kazi, ile ya bluu, imefuliwa hadi madoa yamekuwa vivuli. Ndani yake zilifichwa bisibisi, koleo na ile saa ya kupimia gesi.

Mtu huenda fungate na nguo za kuogelea. Hilo lingenitosha kushangaa. Lakini nilikaa kitandani, nikaiweka mapajani, na kilichonikaba hakikuwa ovaroli yenyewe. Kilikuwa mkunjo.

Dobi huujua mkunjo kama watu wengine wanavyoujua mwandiko. Barafu hakunji, huviringisha. Mimi hupeleka mikono ya nguo nyuma, nikaacha kola nje, wazi, ili mtu ajue nguo ni yake bila kuifungua. Mtu mmoja tu ninayemfahamu huingiza kola ndani na kukunja mara tatu, mpaka nguo inakuwa kama tofali. Kila nguo niliyoikunja katika nyumba ile, nilirudi nikaikuta imekunjuliwa na kukunjwa upya. "Mwanangu," alikuwa akiniambia, "nguo ya mwanamume haiachwi kola nje, vumbi litamwingia kooni."

Mama mkwe alijua. Chochote kilichotuleta hapa, yeye alikijua na mimi sikukijua. Niliirudisha ovaroli chini ya begi kama nilivyoikuta, nikaweka mashati juu yake. Yule bata alikuwa ananitazama. Nilimgeuza upande wa ukuta.

*

Mchana tulikwenda ufukweni. Msimu wa wageni ulikuwa umekwisha, viti vya kulalia vilipangwa mistari mirefu bila watu, na mzee wa kukodisha miavuli alikuwa amejilaza chini ya mmoja wa miavuli yake. Barafu alinunua aiskrimu mbili. Tulikaa tukaitazama bahari, ambayo siku hiyo ilikuwa na rangi ya maji ya kwanza ya kufulia.

"Umepata laini?" niliuliza.

"Walikuwa wamefunga."

"Pole."

"Upepo mzuri," akasema.

"Ndiyo."

Mwanamke mmoja alipita na mbwa, kisha mwanamume na binti yake wakipiga picha za miguu yao. Nikaona aibu, kana kwamba mimi ndiye niliyeficha kitu. Nilitaka kusema mambo mengi. Lililotoka lilikuwa dogo.

"Mama amekukunjia vizuri ovaroli yako."

Hakugeuka. Aiskrimu ilianza kumtiririka kwenye vidole, kisha kwenye kiwiko, na hakuilamba.

"Umejuaje ni mama?"

"Kola imeingia ndani."

"Kola," alisema polepole. "Nimekaa wiki tatu natafuta namna ya kukwambia, halafu nakamatwa kwa kola."

"Ni kazi gani?"

"Ya hapa hapa hotelini. Tajiri mwenyewe ana hoteli tatu, na fundi wake wa majokofu amezeeka. Miaka miwili. Kesho asubuhi wananijaribu kwa ile mashine inayokohoa."

"Na mimi?"

"Mkataba ni wa mtu mmoja."

"Kwa hiyo umenileta niione bahari kwanza, halafu niachwe."

"Hapana." Alitupa ile aiskrimu mchangani, akajifuta mkono kwenye suruali, jambo ambalo siku nyingine lingeniuma. "Nimekuleta kwa sababu walinitumia tiketi moja, na nilipoishika nikaona siwezi kupanda basi peke yangu. Nikaitafuta ya pili. Nilisema nitakwambia tukiwa njiani. Ukalala begani kwangu njia nzima. Nikasema asubuhi. Asubuhi ukacheka na yule bata. Dobi wangu, miezi mitano sijakusikia ukicheka namna ile. Ningesemaje?"

"Mama yako ulimwambia."

"Mama aliiona barua yao ya kazi. Akasema nikikwambia utalia, ukilia nitabaki."

"Mimi silii."

"Hulii," alisema, na safari hii alinigeukia. "Hulii, hununi, hukatai. Nilikuuliza kama utapenda tukae kwa mama. Ulijibu nini?"

Nilipangusa mchanga gotini.

"Ulisema sawa. Unapapenda pale?"

Nilichimba mchanga kwa kidole cha mguu.

"Ndiyo hivyo. Naishi na mke ninayempenda na sijui hata kama anapenda chai yake na sukari au bila. Sasa niambie, ningekuja na habari hii mbio mbio, ungenijibu nini?"

Nilijua ningejibu nini. Neno lenyewe lilikuwa tayari limekaa ulimini, limevaa viatu, linangoja kutoka. Nililimeza.

"Kesho nenda," nilisema. "Ukajaribiwe. Huwezi kukataa wala kukubali kitu ambacho hujapewa."

"Halafu?"

"Halafu utaniuliza. Nami nitakujibu."

"Utanijibu kweli?"

"Bila sukari," nilisema. "Chai yangu. Naipenda bila sukari."

Alicheka kidogo, halafu akafunika uso kwa mkono ule wenye aiskrimu. Tulirudi hotelini tumeshikana mikono, lakini kama watu wanaovushana barabara.

*

Asubuhi ya tatu niliikunjua ile ovaroli, nikaipiga pasi, nikamshikia aingize mikono. Nilimfunga kifungo cha juu. Alitaka kusema kitu nikamgeuza mabega kuelekea mlangoni.

Kutoka kibarazani nilimwona akivuka ua pamoja na bwana mmoja aliyebeba fungu la funguo. Alipiga magoti mbele ya mashine. Kuanzia hapo nikawa naona mgongo wake tu. Huo mgongo naujua. Ukikunjama vile, mwenyewe yuko mahali ambapo hakuna mke wala mama, na ana furaha.

Mhudumu alikuja na toroli lake. Kitanda nilikuwa nimekiacha ovyo kwa makusudi, akanipigia makofi. Nikamwonyesha taulo. Alielewa. Alisimama nyuma yangu, akanishika vidole, na mara ya tatu nikapata bata, ingawa shingo yake ililegea kama ya mlevi.

Simu ya Barafu, yenye laini ya nyumbani bado, iliita akiwa chini. Alikuwa ameisahau mezani. Nililitazama jina, nikaitazama simu mpaka ikakata. Ikaita tena.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo huko? Mwenzio yuko wapi?"

"Yuko kazini, mama."

Nilisikia sufuria likitolewa jikoni na kuwekwa chini.

"Kazi gani? Si mko fungate?"

"Kazi ile uliyomkunjia ovaroli."

Mama mkwe wangu si mtu wa kukosa neno. Siku hiyo alilikosa kwa muda ambao ningeweza kupiga pasi mkono mmoja wa shati.

"Amekwambia," alisema mwisho.

"Nilijua kwa kola. Ndipo akaniambia."

"Umelia?"

"Hapana, mama."

"Mimi nililia," alisema. Sauti yake ilikuwa imeshuka, haikuwa ile ya uani. "Baba yake aliitwa kiwanda cha mbali, huyu akiwa bado ananyonya. Akaniambia vizuri tu, kiungwana. Nikalia siku tatu, sikula. Akabaki. Hakunipiga, hakunitukana hata siku moja. Aliniwekea kinyongo tu. Miaka kumi na tisa, mwanangu. Chai ikipoa, ni kwa sababu alibaki. Paa likivuja, ni kwa sababu alibaki. Mpaka anaingia kaburini alikuwa bado amebaki. Sikutaka yakukute hayo. Nilisema heri usijue, aende, akirudi mtaanza upya."

Nilikaa chini ukutani. Sikuwahi kumfikiria mama mkwe kama mtu aliyewahi kuachiwa neno la kusema, akalisema, na likamgeuka.

"Ungeniambia mimi, mama."

"Ningekwambia ungesema nini, Bi Sawa?"

"Sawa."

Alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza acheke pamoja nami, bila mimi kuwa kichekesho.

"Na sasa utamwambia nini?"

"Sijui, mama."

"Haya," alisema. "Angalau hilo ni neno jipya."

Nilipokata simu niligundua kitu kimepungua. Nilitazama huku na huku chumbani kabla sijaelewa. Kule chini, ile mashine ilikuwa haikohoi tena. Ilikuwa inapumua taratibu, kama mtoto aliyeshuka homa.

*

Alirudi saa saba na oili hadi kwenye nyusi. Alikaa sakafuni, hakutaka kuchafua shuka za watu.

"Umesikia?"

"Nimesikia. Imenyamaza."

"Wananitaka. Wanataka jibu kabla ya saa kumi, kuna mwingine anangoja." Alizungusha bisibisi mkononi. "Wamenionyesha chumba. Vitanda vinne, na juu ya kila kitanda picha ya mwanamke. Yule fundi mzee naye alikuja kwa miaka miwili. Huu ni mwaka wake wa kumi na moja. Lakini kazi yenyewe... dobi wangu, mashine zile ni nzuri. Siwezi kukudanganya. Mikono yangu ilikuwa inacheka."

"Niliona mgongo wako."

"Basi nakuuliza." Aliweka bisibisi chini. "Niende?"

Niseme nini? Nikisema nenda, nitakuwa Bi Sawa mpaka nizeeke, na picha yangu itaning'inia juu ya kitanda cha tano. Nikisema baki, nilikuwa nimeshasikia kwa masikio yangu kinachotokea. Njia zote mbili zilikuwa na mtu aliyenitangulia. Nilitazama mikono yake, kisha nikajikuta nimesimama, mimi ambaye hata mwalimu aliponisimamisha nilikuwa nikijibu nimekaa.

"Sitaki," nilisema.

Alinyanyua uso. "Rudia."

"Sitaki uende peke yako. Kama wanatutaka wawili, nitakuja. Hata kwenye chumba kisicho na dirisha nitakuja, pasi ninayo. Kashuke ukawaulize. Wakisema hapana, sitaki. Na utakasirika, najua. Kasirika. Lakini ukasirike kwa sauti, leo, kesho, wiki nzima ukipenda. Usije ukaniwekea moyoni mpaka chai ipoe miaka kumi na tisa."

Alishtuka. "Nani kakwambia habari za chai?"

"Mama."

"Mama kakwambia yale?"

"Mimi nilimwambia ya kola, yeye akaniambia ya chai."

Alisimama, akanawa uso tu, akashuka. Nilihesabu ngazi kwa nyayo zake mpaka zikapotea.

Hakukaa sana. Aliporudi hakuingia. Alikwenda moja kwa moja kibarazani, akaweka mikono kwenye reli, akainamia ule ua.

"Wamesema hawachukui wawili."

"Nawe umesema nini?"

"Nimesema mke wangu amekataa." Alikwaruza reli kwa ukucha. "Yule bwana akacheka, akasema wake wote hukataa. Nikamwambia wangu ni mara yake ya kwanza."

Nilimwendea. Sikumgusa, nilisimama karibu tu, kiwiko kwa kiwiko.

"Inaniuma," alisema.

"Sema tena."

"Inaniuma sana. Nimeitibu mashine ya watu na sitaisikia tena."

"Endelea."

Aliendelea. Alisema mengi, mengine ya haki na mengine ya kuonea, na sauti ilipanda hadi mpishi aliyekuwa akimwaga maji kule chini akatutazama. Nilisikiliza yote. Nilipotaka kujibu nilijibu. Ule ulikuwa ugomvi wetu wa kwanza, na katikati yake niligundua kwamba tulikuwa tumesimama karibu zaidi kuliko tulipoanza.

"Una mengine unayoyakataa?" aliuliza mwisho, amechoka. "Nijue yote leo."

"Sitaki kukaa kwa mama. Nataka tupange karibu na chumba changu cha pasi. Tutakwenda kumwona kila wiki, nampenda sasa. Lakini tulale kwetu."

"Jingine?"

"Mengine nitayakumbuka njiani."

Alivua ovaroli, akanikabidhi, akaingia kuoga. Niliifuta oili kadiri nilivyoweza kwa sabuni ya hoteli, nikaipiga pasi hadi ikakauka. Niliitandaza kitandani. Mikono nikaipeleka nyuma. Nikakunja mara moja, mara mbili, na kola nikaiacha nje, wazi. Sikuiweka chini ya begi. Niliiweka juu ya mashati yote.

Barafu alitoka na taulo kiunoni akaona.

"Unajua mama ndiye wa kwanza kufungua begi langu tukifika."

"Najua."

"Akiona hiyo kola..."

"Aione."

Nikainyoosha kola kwa kiganja, nikavuta zipu mpaka mwisho.